Kabla ya Hina, Tazama Unyayo



Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu inanipigisha magoti kila siku. Mteja akija kujaribu gauni, yeye husimama wima juu ya kigoda, mimi niko chini na pini mdomoni nikipanga pindo. Kwa hiyo miguu ya wanawake wa mtaani kwangu naijua pengine kuliko sura zao. Namjua nani kapaka hina ya harusi ya wiki iliyopita, nani ana magaga, nani ukucha umemwingia kwenye nyama.

Hivyo ndivyo nilivyoliona baka la mama mkubwa wangu.

Tulikuwa tunajitayarisha na harusi ya binti yake wa mwisho. Nilikuwa nampandishia pindo la dira, akanyanyua mguu kuvua kiatu, nikaona kwenye kisigino, upande wa ndani, doa jeusi la ukubwa wa kunde. Nikamtania: "Mama mkubwa, piko la mwaka jana bado limekuganda?" Akacheka. "Hilo limenipenda, mwanangu. Haliondoki hata kwa jiwe la mguu." Tukacheka sote wawili, nikaendelea kuchoma pini.

Maneno yale nayasikia mpaka leo. Haliondoki hata kwa jiwe. Mimi mwenyewe napaka piko tangu usichana wangu. Najua kwamba halikai kwenye ngozi zaidi ya wiki mbili tatu. Lakini siku ile sikuyaunganisha haya mawili.

Mwaka uliofuata doa likawa kidonda. Yeye akasema alichomwa na mwiba shamba, jirani akasema ni kidonda ndugu, mwingine akaleta majani ya kuponda. Kidonda kikawa kinatoa maji na damu, hakifungi. Baadaye akaota mitoki kwenye nyonga, migumu kama mbegu ya embe. Hapo ndipo tulipompeleka hospitali, na hapo ndipo tulipoambiwa kuwa ni saratani ya ngozi, ile inayoanzia kwenye chembechembe zinazotengeneza rangi ya mwili. Madaktari wanaiita melanoma. Walifanya walichoweza. Ramadhani iliyofuata haikumkuta. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Siandiki haya ili mtu alale na hofu leo usiku. Ugonjwa huu ni nadra kwa sisi watu weusi, na vidoti vingi sana mwilini havina ubaya wowote. Ninaloandika ni moja tu: sisi wanawake wa visiwani tunaipamba mikono na miguu kuliko kiungo kingine chochote, lakini hatuitazami. Na kwa wenye ngozi nyeusi, pale tunapopapamba ndipo ugonjwa huu unapopenda kujificha.

Si ugonjwa wa wazungu peke yao

Ukienda Nungwi au Paje utawaona watalii wamelala juani, wamejipaka mafuta meupe mwili mzima. Sisi tukiwaona tunasema, saratani ya ngozi ni yao hao, Mungu ametupa ngozi yetu na kinga yake. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Rangi yetu inatukinga na jua, na ndiyo maana kwetu melanoma ni chache sana kuliko kwao.

Lakini melanoma si zote zinaletwa na jua. Ipo inayoota unyayoni, kwenye kiganja na chini ya ukucha, mahali ambapo jua halifiki au linafika kidogo sana. Hiyo inawapata watu wa rangi zote, na kwa watu weusi ndiyo aina inayoonekana zaidi, hasa chini ya mguu. Shida yetu ni kwamba tunagundua tumeshachelewa, kwa sababu hakuna anayeitafuta huko.

Mnamjua Bob Marley, nyimbo zake hazikauki kwenye mikahawa ya ufukweni kwetu. Yeye alikuwa na melanoma chini ya ukucha wa dole gumba la mguu. Ilidhaniwa kuwa ni jeraha la mpira, maana alikuwa mpenzi wa kandanda. Iligunduliwa mwaka 1977, akafariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36. Kijana wa Jamaika, ngozi yake kama yangu na yako.

Kwa hiyo yale makala ya afya yanayotuambia tujikinge na jua tu, tutazame mabega na mgongo tu, kwetu sisi hayatoshi. Yaliandikiwa miili mingine. Sisi tuambiwe: geuza unyayo, utazame.

Hapa niwatoe ndugu zetu wenye ualbino, maana wao jua ni adui wa kweli. Saratani za ngozi zinawapata mapema usoni, masikioni, shingoni na mikononi. Hao wanahitaji mikono mirefu, kofia pana na mafuta ya kukinga jua, na kidonda chochote kisichopona kionwe na daktari haraka. Ukiwa na mtoto wa hivyo nyumbani na fundi wako akakushonea mikono mifupi, mrudishie nguo.

Kidoti kizima na kidoti cha kutiliwa shaka

Kidoti, au baka dogo, ni mkusanyiko wa zile chembechembe za rangi mahali pamoja. Vingi hutoka utotoni na ujanani. Vingine huzaliwa navyo mtu. Kidoti kizima kina tabia ya utulivu: kinakaa pale pale, umbo lile lile, rangi ile ile, miaka nenda rudi.

Kuna pia vile vidogo vyeusi vilivyoinuka kidogo, vinavyojaa mashavuni na kuzunguka macho ya mama zetu wanapokuwa watu wazima. Bibi anavyo, mama anavyo, na wewe ukifika arobaini utaanza kuviona. Hivyo vinakwenda kwa ukoo na havidhuru. Ni mapambo ya umri.

Sasa cha kutiliwa shaka ni kipi? Madaktari wana mambo matano wanayoyatazama, nami nitayaeleza kwa lugha ya kazi yangu, maana ndivyo nilivyoyaelewa.

La kwanza, kikunje kwa macho katikati, kama unavyokunja kitambaa kabla ya kukata. Nusu mbili zikilingana, vizuri. Zisipolingana, tia shaka.

La pili, tazama pindo lake. Kidoti kizima kina ukingo safi. Chenye shaka ukingo wake umechanikachanika, au umefifia kama wino ulioingia maji.

La tatu, rangi. Kizima kina rangi moja. Chenye mchanganyiko wa kahawia, nyeusi, kijivu, nyekundu au weupe ndani ya kidoti kimoja, kama kitambaa kilichochuja, kionwe.

La nne, ukubwa. Kinachozidi milimita 6, yaani upana wa kile kifutio nyuma ya penseli, kitazamwe kwa makini. Chukua futi yako ya kupimia, vistari sita vidogo. Kidogo kuliko hapo nacho kisiachwe kama kina dalili nyingine.

La tano, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kubadilika. Kinakua, kinainuka, kinawasha, kinatoka damu bila kugongwa, au kimejitokeza ukubwani mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kidoti kinachobadilika ndicho kinachozungumza.

Ziada ya hayo, tazama kama kuna kimoja kisichofanana na wenzake. Ukiwa na vidoti kumi vya ukoo mmoja na kimoja mgeni, muulize huyo mgeni kaja lini.

Wajawazito wanajua kuwa ngozi huwa nyeusi zaidi wakati wa mimba, na kidoti cha tumboni au kifuani kinaweza kutanuka kwa vile ngozi yenyewe inatanuka. Hata hivyo usiseme tu "ni mimba" ukakaa. Ukienda kliniki, mwonyeshe mkunga. Uko pale pale, hukuongeza nauli.

Hina, piko na rangi ya kucha

Hapa ndipo penye hoja yangu. Mama mkubwa alilisingizia piko kwa sababu miguu yake haikukosa piko. Harusi mwezi huu, Idi mwezi ujao, mume karudi safari. Mwanamke wa kwetu anaweza kupita mwaka mzima hajauona unyayo wake mtupu.

Sisemi tuache hina. Nani ataniolea binti yangu bila hina? Nasema tuipe siku moja ya kupumua. Kabla hujampa mpakaji mguu wako, keti kwenye mwanga wa dirisha, geuza unyayo, tazama kisigino, tazama katikati ya vidole, tazama kiganja, tazama kucha zote ishirini. Kama mgongo hukukubali kuinama, weka kioo sakafuni au mwite bintiyo. Dakika tano. Kisha pakwa utakavyo.

Na hesabu ni hii. Hina au piko kwenye ngozi hufifia na kuisha ndani ya wiki chache. Doa lililobaki baada ya hapo si hina. Kwenye ukucha, rangi ya hina hukaa muda mrefu, lakini inasogea mbele ukucha unavyokua, mpaka unaikata yote. Damu iliyovilia kwa kujigonga nayo inasogea hivyo hivyo. Ukucha wa mkono hujibadilisha wote kwa karibu miezi sita, wa dole gumba la mguu unaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Mstari mweusi unaotoka kwenye shina la ukucha na kila ukikata unaukuta upo, huo hausogei.

Msishtuke lakini. Watu weusi wengi tuna mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa, hasa umri ukienda, na ni kawaida yetu. Wa kuonyesha daktari ni ule ulio kwenye ukucha mmoja tu, mpya, unaopanuka, hasa upana wake ukizidi milimita 3, au weusi unaovuka ukucha na kupaka ngozi ya pembeni, au ukucha unaopasuka na kuinuka bila kugongwa.

Wanaobandika kucha za bandia na kuzifunika rangi mwezi hadi mwezi, nao wawe na siku ya kuzivua wakatazama. Na tunaoswali tuna nafasi ambayo wengine hawana. Tunaosha mikono na miguu kwa udhu mara tano kwa siku, tunapitisha kidole kati ya vidole vya miguu. Mkono unafika kila siku. Ni macho tu hatuyapeleki.

"Nipe uzi nifunge kidoti"

Hili linanitokea dukani. Mwanamke anakuja, anaomba uzi. Nikimuuliza wa kushonea nini, anasema anataka kukifunga kidoti cha shingoni kikauke kidondoke. Zamani nilikuwa nampa, uzi wa hariri kabisa. Sasa simpi.

Wengine hawafungi, wanaenda kutolewa kwa dawa za kuchoma, au wanakwangua kwa wembe nyumbani. Kama ni kinyama cha kawaida tu, unabaki na kovu au kidonda kilichoingia uchafu. Kama ni ile yenye shaka, umekata juu umeacha mizizi, na umetupa kile ambacho daktari angekipeleka maabara. Baadaye ikirudi chini ya kovu, hakuna anayejua ilianzaje. Kidoti unachotaka kitoke kwa ajili ya urembo, kitolewe na daktari aliyekitazama kwanza.

Sababu tunazojipa

Ya kwanza ni aibu. Dada zangu, stara ni pambo letu na mimi naishona kwa mikono yangu. Lakini stara imewekwa kwa ajili ya macho yasiyohusika. Kwa tabibu, kinachohitajika kuonekana kwa ajili ya matibabu kinaonyeshwa, kwa kadiri ya haja. Omba daktari wa kike kama yupo. Nenda na dada yako akae nawe. Na unyayo, jamani, unyayo una aibu gani? Fundi wa viatu tunamwonyesha.

Ya pili ni kwamba kila kitu kimeandikwa. Kweli kimeandikwa. Lakini dini hiyo hiyo imetufundisha kutafuta dawa, na imetufundisha kumfunga ngamia ndipo tutawakali. Mama mkubwa alitawakali sana. Ngamia sote tulimwona yuko wazi, mimi nikiwa wa kwanza.

Ya tatu ni ile kauli kwamba kisu kinaamsha ugonjwa, kwamba fulani alikuwa mzima mpaka alipokatwa. Hakuwa mzima. Alikuwa ameshachelewa, na kisu kikapewa lawama ya miaka aliyokaa nyumbani. Ukweli ni kinyume chake. Melanoma ikikutwa ingali nyembamba, juu juu kwenye ngozi, dawa yake ni kuikata pamoja na ngozi kidogo ya pembeni, na watu wengi wanapona. Ikishazama ndani na kufika kwenye mitoki, kazi inakuwa nzito.

Ya nne ni pesa na muda, na hii siibezi. Mimi ni mfanyabiashara, siku nisiyofungua duka naijua hasara yake. Lakini hatua ya kwanza haina gharama kubwa. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, mwonyeshe daktari, sema lini uliliona na limebadilika vipi. Ukiwa na picha ya simu ya mwezi uliopita, mwonyeshe. Picha hiyo weka sarafu au futi pembeni ili ukubwa ujulikane. Kama ana shaka atakupa rufaa kwa daktari wa ngozi. Huyo anaweza kutazama kwa kilenzi chenye taa, au akachukua kipande kidogo kikapimwe maabara. Ukiambiwa "si kitu" na doa likaendelea kukua, rudi. Usione haya kurudi.

Ninachofanya sasa

Miezi michache iliyopita mteja wangu mmoja alikuja kujaribu suti ya Idi. Nikiwa chini kwenye pindo, nikaona doa jeusi chini ya kidole cha pili cha mguu. Pini zilikuwa mdomoni, nikazitoa. Nikamwambia, "Dada, samahani, hili doa unalo tangu lini?" Hakupenda. Aliniambia amekuja kushona, hakuja kupimwa. Nikamweleza habari za mama mkubwa, kwa ufupi, hapo hapo sakafuni. Akanyamaza, akalipa, akaondoka, nikajua nimepoteza mteja.

Baada ya wiki tatu alirudi kuchukua nguo. Alikwenda. Daktari alikitazama akamwambia ni kidoti cha kawaida, akipige picha na akitazame kila baada ya miezi michache. Akaniambia kwa hasira za utani, "Umenitia hofu ya bure." Nikamwambia alhamdulillahi kwa hofu ya bure. Mama mkubwa mimi nilimpa kicheko cha bure.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasusi, wapaka hina, wasingaji, mafundi wenzangu na masomo mnaowasinga mabibi harusi. Sisi tunaona migongo, visogo, viganja na nyayo ambazo wenyewe hawazioni. Hatuwezi kumwambia mtu ana ugonjwa, hilo si letu. Letu ni kuuliza tu: hili unalo tangu lini? Akikasirika, akasirike.

Na wewe unayesoma, leo kabla ya kulala, ukimaliza kuosha miguu, keti kwenye taa. Geuza unyayo. Kisha geuza wa mama yako.

Mwenyezi Mungu atupe afya na mwisho mwema. Amin.